Andikia Jaji Asiyewahi Kufika Mwanza

"Walikuja saa nane usiku wakanichukua, wakaniweka ndani wiki mbili." Mtu wa Kirumba, Igoma au Nansio akisikia sentensi hiyo hana swali. Ipeleke sasa Arusha, kwenye mahakama ambayo majaji wake wametoka pembe zote za Afrika. Mfasiri wa kwanza anaitoa kwenye Kiswahili kwenda Kiingereza, wa pili anaitoa kwenye Kiingereza kwenda Kifaransa, na jaji anayesoma Kifaransa anabaki anajiuliza. Ni saa 8 au saa 2? Waliokuja ni nani, askari au majirani? Ndani ya nini, mahabusu au nyumba ya mtu? Wewe haupo hapo kumjibu. Kilichopo ni karatasi yako tu.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria mwenye jambo linalogusa haki zake dhidi ya serikali, au mwenye ndugu gereza la Butimba, au msaidizi wa kisheria anayeletewa bahasha za kaki zenye nakala za hukumu zilizokunjwa mara nne. Nitaeleza mahakama hizi zinavyosikiliza na kuamua, lakini nitakaa zaidi kwenye lugha, maana hapo ndipo nimeona watu wenye haki wakipoteza nguvu ya maneno yao.

Kwanza jua mlango ulio wazi

Arusha kuna mahakama mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika kilichoundwa kwa Itifaki iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998, na ambacho kilihamia Arusha mwaka 2007. Ya pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilizinduliwa mwaka 2001. Masharti yao ya muda, ya lugha na ya nani anaweza kufungua shauri ni tofauti kabisa.

Kuhusu ile ya kwanza, ukweli mchungu uje mapema. Machi 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu mtu binafsi na asasi kupeleka malalamiko huko moja kwa moja. Watu wakaingia kwa wingi, wengi wao wafungwa, na Gereza Kuu la Butimba likawa moja ya anwani zinazojirudia katika mashauri ya mahakama hiyo. Tarehe 21 Novemba 2019 serikali ikawasilisha barua ya kuliondoa tamko lile, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi 22 Novemba 2020. Ombi lililofunguliwa kabla ya siku hiyo linaendelea hadi mwisho wake. Ombi jipya la mtu binafsi dhidi ya Tanzania halina njia. Kwa hiyo mtu akikuomba fedha ili akupelekee kesi yako mpya huko, muulize kwanza kama tamko limerudishwa. Kama halijarudishwa, fedha yako ibaki mfukoni.

Naliandika hili kwa uchungu. Mahakama ipo ndani ya nchi yetu, safari ya siku moja kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi, na mwananchi wa nchi mwenyeji hawezi tena kubisha hodi kwa mkono wake mwenyewe.

Imebaki milango miwili. Mmoja uko mbali, Banjul nchini Gambia, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tume inapokea malalamiko ya mtu yeyote, na yenyewe ina uwezo wa kulipeleka shauri Arusha kwa sababu Tanzania bado ni mwanachama wa Itifaki. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya walipita njia hiyo. Kenya haijawahi kutoa tamko kama lile letu, lakini Tume ilibeba kilio chao hadi mahakamani, na 26 Mei 2017 wakashinda. Msitu wa Mau ndiko unakotoka mto Mara, maji yake yakapita Serengeti na kuingia ziwani kwetu upande wa Musoma. Jambo lao haliko mbali nasi.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuhoji sheria, agizo, uamuzi au kitendo cha serikali ya nchi mwanachama kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ndiyo maana shirika la Kenya la kutetea wanyama liliweza kuishtaki Tanzania kuhusu mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, na Juni 2014 mahakama ikauzuia mpango huo. Lakini una miezi miwili tu, tangu kitendo kilipofanyika au ulipokifahamu. Mahakama hii ni kali sana juu ya muda huo, na hoja kwamba madhara bado yanaendelea haikuokoi. Mvuvi wa Ukara aliyekamatwa na kunyang'anywa mashine ya boti na maofisa wa nchi jirani, akaamua kusubiri "mambo yatulie", akishtuka miezi mitatu imekatika hana tena mlango huu. Tarehe ya kwanza uiandike siku ileile, nyuma ya daftari la mtoto ikibidi.

Masharti yanayoangusha wengi

Kwa Banjul, na kwa Mahakama ya Afrika, masharti yako kwenye Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ujitambulishe, hata kama utaomba jina lako lifichwe kwa wengine. Usitegemee habari za magazeti peke yake. Jambo lisiwe limeshaamuliwa na chombo kingine cha kimataifa. Ulete ndani ya muda unaokubalika. Hayo hayana ugumu mkubwa.

Mawili yanahitaji uangalifu zaidi. La kwanza ni kumaliza ngazi za ndani. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya, maana yake ni kwamba umepita Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza na kufika Mahakama ya Rufani, ambayo huja Mwanza kwa vikao vyake. Kuna watu hukaa miaka wakisubiri kwanza maombi ya mapitio ya hukumu ya Rufani, wakidhani ni lazima. Katika hukumu yake ya 20 Novemba 2015, shauri namba 005/2013, Mahakama ya Afrika ilisema mapitio hayo ni njia ya ziada, mtu halazimiki kuipitia.

La pili ni kwamba malalamiko yasiwe na lugha ya matusi dhidi ya nchi na vyombo vyake. Mtu aliyekaa jela miaka kumi ana hasira, na hasira hiyo ni halali. Lakini ukiandika kwamba mahakimu ni wala rushwa waliokuuza, na huna ushahidi, umempa wakili wa serikali hoja ya kwanza bila jasho. Andika: "Shahidi wa pili alisema taa ilikuwa imezimwa, na hukumu haikuligusa jambo hilo." Sentensi hiyo inauma zaidi kuliko tusi, na ikitafsiriwa haipungui nguvu.

Maneno ya kwetu yanayopotea njiani

Fikiria safari ya neno moja. Mama wa Magu anatoa ushahidi, Kisukuma kikimtoka kila anapokumbuka jambo zito. Karani anamsaidia kwa Kiswahili. Hakimu, katika mashauri ya zamani, anaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ni mwaka 2021 tu sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama nchini. Mwenendo huo wa Kiingereza ndio unaopigwa chapa, ndio unaokatiwa rufaa, ndio unaofika Arusha na kugeuzwa Kifaransa, Kiarabu au Kireno kwa ajili ya majaji. Yule mama akisomewa kile kilichofika mwisho, huenda asijitambue.

Huwezi kuibadilisha safari yote hiyo. Unachoweza ni kuandika maneno yanayovumilia kuvushwa.

Anza na saa. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili usiku ya Mwanza kwenye karatasi ya jaji inaweza kusomeka saa 2 ya usiku mkubwa, na kama utetezi wako ni kwamba saa hiyo ulikuwa kilioni Sengerema, tofauti hiyo inaweza kukumaliza. Andika kwa mtindo wa saa 24: "saa 20:00, yaani saa mbili usiku". Tarehe nazo zikae kamili, siku, mwezi na mwaka. "Juzi", "kipindi cha mavuno" na "mwaka ule maji yalipojaa" ni kumbukumbu nzuri za kukusaidia wewe kuitafuta tarehe, basi ikishapatikana iandike yenyewe.

Kisha mtu. Kiswahili kinasema "alinipiga" bila kukwambia ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa kinataka kujua, na mfasiri asipopewa atabahatisha. Nimewahi kuona maelezo yenye askari watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili, wote wakiwa "yeye", hadi ukurasa wa nne huwezi kujua nani alishika fimbo. Wape namba: askari wa kwanza, mwanamume, aliyevaa sare, askari wa pili, mwanamke. Halafu shikilia namba hizohizo mpaka mwisho.

Mwili ni hatari zaidi. "Mkono" wetu unaanza begani na kuishia vidoleni, na "mguu" vivyo hivyo kuanzia nyongani hadi unyayo. Lugha nyingine zina neno moja la kiganja na jingine la mkono wenyewe. PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikisema jeraha liko kwenye kiganja na maelezo yako yakasomeka kwamba ulikatwa juu ya kiwiko, wakili wa upande wa pili atauita huo mkanganyiko wa ushahidi. Andika "kiganja cha mkono wa kulia" au "juu ya goti la kushoto", ukiwa umeishika PF3 mbele yako.

Undugu nao una mitego. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako, tena wa damu, wala hakuna wa kukubishia Bugando au Bunda. Lakini mahakama inapofika kwenye fidia, ndugu wa kudai kwa ajili ya aliyeumizwa ni lazima aonyeshe uhusiano wake kwa cheti, cha kuzaliwa kwa mtoto, cha ndoa kwa mke au mume, au kwa uthibitisho mwingine unaolingana nacho. Sema "mtoto wa mdogo wake baba yangu", na ukisema "mtoto wangu" awe wa kumzaa.

Yapo maneno ambayo hayana mwenzake ng'ambo, na hayo usiyafiche, yaeleze. Mwalo ukiitwa ufukwe, jaji ataona mchanga na watalii, wala hataona soko la dagaa, mizani, kamati ya uvuvi na mamia ya watu wanaokula hapo. Ngitili ikiitwa msitu, lile eneo la malisho ambalo familia ya Kisukuma hulitunza kwa ajili ya kiangazi linageuka pori lisilo na mwenyewe, na mtu ameshanyang'anywa ardhi yake kabla hajasikilizwa. Sungusungu wakiitwa kundi la wanamgambo, picha inayotokea ni ya vita. Kila neno kama hilo liandikwe kama lilivyo, na mara ya kwanza lifuatwe na sentensi moja inayosema ni nini na linafanya kazi gani. Baada ya hapo litumie bila kulibadilisha. Kuita kitu kilekile mwalo leo, forodha kesho na gati kesho kutwa ni mapambo ya insha. Kwa mfasiri hivyo ni vitu vitatu.

Na lile neno tunalolipenda mno, "nilibambikiwa kesi". Linaeleza hisia yote, ila halimpi jaji tukio hata moja. Nini kilikutwa? Kilikutwa wapi, nani alikiona kwanza, nani alisaini hati ya upekuzi, wewe ulisaini nini na ulisomewa kwa lugha gani? Ukijibu hayo kwa mfuatano, jaji atalisema neno hilo mwenyewe moyoni.

Arusha ilishajifunza hili kwa gharama kubwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa mjini humo hadi 31 Desemba 2015, ikisikiliza mauaji ambayo sisi wa ziwa tuliyashuhudia kwa namna yetu, mwaka 1994, mto Kagera ulipoleta miili ziwani. Mashahidi walizungumza Kinyarwanda, kikageuzwa Kifaransa, kisha Kiingereza. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya 2 Septemba 1998, majaji walilazimika kutenga nafasi ya kueleza maneno yenyewe, wakisaidiwa na mtaalamu wa lugha. "Inyenzi" ni mende, lakini ni mende wa aina gani akitajwa na kiongozi mbele ya umati mwaka 1994? Walichunguza pia maneno ambayo akina mama walitumia kusema wamebakwa, maneno ya staha yanayozunguka jambo lenyewe. Shahidi wa Kinyarwanda alipata mtaalamu. Wewe huenda usimpate, kwa hiyo ufafanuzi uuweke mwenyewe ndani ya maelezo.

Namna shauri linavyosikilizwa

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa maandishi. Kwenye Mahakama ya Afrika hakuna ada ya kufungua shauri, na upo mpango wa msaada wa kisheria kwa asiye na wakili. Ofisi ya Msajili inapokea ombi, inalipeleka kwa serikali husika, ambayo hupewa siku 90 kujibu, kisha jibu linarudi kwako. Mashauri mengi yanaamuliwa hivyo, bila mtu kusimama mbele ya jaji. Kwenye jambo la dharura kubwa, kama mtu anayesubiri kunyongwa, mahakama inaweza kutoa amri ya muda kuzuia hatua isichukuliwe hadi shauri liishe.

Lugha rasmi za mahakama hiyo ni zile za Umoja wa Afrika, ambazo Kiswahili ni mojawapo, na asiyejua lugha inayotumika kikaoni anaweza kuruhusiwa kusema kwa lugha anayoimudu. Mahakama ya Afrika Mashariki bado imefungwa na Ibara ya 46 ya Mkataba wake inayotaja Kiingereza, ingawa Februari 2021 wakuu wa nchi waliafiki Kiswahili na Kifaransa viongezwe kwenye lugha za Jumuiya. Ushauri wangu kwa zote: maelezo yako yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, uyasome, uyasaini, ndipo yatafsiriwe, na nakala zote mbili zifungwe pamoja. Likitokea bishano juu ya neno, chanzo kipo.

Ukiitwa kutoa ushahidi, utawakuta wakalimani kwenye vibanda vya vioo, nawe utavaa visikizio. Mkalimani anatafsiri huku wewe unaendelea kusema, kwa hiyo sentensi fupi ndiyo rafiki yake. Methali ziache nyumbani. Kuna swali moja la kuogopa kuliko yote, nalo ni swali la kukanusha. "Hukumwona mtu huyo?" Sisi tukijibu "Ndiyo" tunamaanisha ni kweli, sikumwona. Kwa Kiingereza "Ndiyo" hiyo inaweza kuingia kwenye kumbukumbu kama "nilimwona". Usijibu ndiyo wala hapana. Jibu "Sikumwona", neno moja lenye kila kitu ndani yake. Na usigune wala kutikisa kichwa, mguno hauandikwi.

Majaji wanavyoamua

Mahakama ya Afrika ina majaji 11, wawili hawatoki nchi moja, na kikao kinahitaji wasiopungua saba. Jaji hasikilizi shauri linalohusu nchi yake. Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wetu wa zamani, alikuwa Rais wa mahakama hiyo ilipotoka hukumu ile ya Novemba 2015, lakini alijitoa kwa sababu mlalamikiwa alikuwa Tanzania. Kanuni hiyo ni ya haki kabisa, na inabeba gharama moja: yule ambaye angesoma "waliniweka ndani" na kuelewa papo hapo ndiye anayetoka chumbani. Wanaobaki ni wale uliokuwa unawaandikia tangu mwanzo.

Wanajadiliana faragha, wanaamua kwa wingi wa kura, na aliye na maoni tofauti anaruhusiwa kuyaandika. Hakuna rufaa. Kinachoamua mara nyingi ni nani alipaswa kuthibitisha nini. Kwenye shauri namba 012/2015, lililoamuliwa 22 Machi 2018, mtu aliyesema alizaliwa Butiama alikuwa amenyang'anywa pasipoti, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akaishia kuishi kati ya nchi mbili mpakani Sirari. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa alikuwa na hati za Tanzania, ni serikali iliyopaswa kuthibitisha kwamba si raia, na kwamba maelezo ya mashahidi yaliyopingana hayakutosha. Hati zilimbeba. Kama una cheti, kadi ya kliniki au risiti ya mchango wa shule ya msingi, usiseme ni makaratasi tu.

Omba pia kila unachotaka, kimoja kimoja: kuachiwa, fidia na kiasi chake, sheria kurekebishwa.

Ukishapata hukumu

Hukumu haijitekelezi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, lakini uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulipita bila mgombea huyo. Waogiek walisubiri hadi 23 Juni 2022 kupata amri ya fidia, shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso, na kulipwa ni mapambano mengine. Jiandae kwa barua, kwa mbunge, kwa asasi, kwa taarifa ambazo serikali hutakiwa kupeleka mahakamani kuonyesha imetekeleza nini.

Lakini kabla ya yote hayo, ukipokea hukumu yako funua ukurasa wa mwisho. Hapo, karibu na saini, pameandikwa imetolewa kwa lugha zipi na ni nakala ya lugha ipi yenye nguvu ya kisheria. Msaidizi wako akusomee kutoka kwenye hiyo, aya ya amri kwanza, taratibu, kwa Kiswahili, na wewe uwe na kalamu.